Jamhuri ya Paa

Alhamisi, 21 Septemba 2017

Vita. Asubuhi baba mkwe, Mzee Fateh, alipanda juu ya paa akakuta njiwa wangu wamejisaidia katika sinia tatu za nyanya alizoanika mama mkwe. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisema tu, taratibu, kwamba nyumba ni yake, paa ni lake, na ikifika Ijumaa ya wiki ijayo hataki kuona hata unyoya. Njiwa kumi na saba! Pamoja na Khatun, yule mweupe, niliyemlea kwa mkono wangu.

Nilimwambia mke wangu Shilan kwamba huu ni ukandamizaji. Akaniuliza kama nimeshaosha zile sinia.

Sulaimaniya nzima inazungumzia kura ya Jumatatu, ya uhuru kutoka Iraq. Magari yanapita na bendera, honi mpaka masikio yanauma. Sisi Wakurdi hatujawahi kuwa na nchi. Nikawatazama njiwa. Na wao hawana. Wazo likaja lenyewe.

Ijumaa, 22 Septemba

Nimeandika katiba. Ibara ya kwanza: paa ni huru. Ya pili: rais ni Bestun, yaani mimi. Ya tatu bado naifikiria.

Bendera nimeichora kwenye foronya. Awat, jirani wa ukuta wa pili, alichungulia akahesabu miali ya jua. Huyu naye anafuga njiwa. Mwaka jana alinichukulia dume langu bora, akaapa kwamba ndege alihamia kwa hiari yake. Akasema eti jua la bendera ya Wakurdi lina miali ishirini na moja, langu lina kumi na tisa, hiyo miwili nimekula? Nilimjibu kwamba nchi yangu bado changa, miali mingine itaota. Nimeiongeza. Sasa jua linafanana na kupe.

Nimemteua Awat kuwa mwangalizi wa kimataifa. Amekubali kwa sharti la chai.

Jumamosi, 23 Septemba

Siku ya kihistoria. Baba mkwe ana miaka sabini na nne. Amechomewa nyumba mbili, amevuka mpaka kwa miguu Shilan akiwa mgongoni, na tangu mwezi uliopita nguo zake za Kikurdi zinaning'inia kabatini, zimepigwa pasi, zinasubiri Jumatatu. Udhaifu wake naujua: anaogopa kukosea. Nikamwambia, baba, kura nyingi zitaharibika, afadhali tufanye mazoezi hapa nyumbani. Machozi yakamlenga. Akaniita mwanangu, mara ya kwanza kwa miaka kumi na miwili. Niliona haya kwa muda kama wa dakika moja.

Sanduku: kopo la samli. Swali: Je, unataka uhuru? Uhuru wa nani, karatasi haikusema. Nafasi ilikuwa ndogo. Na wino! Hapo nilijipongeza. Soko limejaa jozi mbichi kutoka milimani, zile kokwa zenye ganda la kijani, na kila anayezimenya vidole huwa vyeusi wiki mbili, asugue asisugue. Nilitwanga maganda nikapata kikombe kizima. Kila mtu akachovya kidole cha shahada.

Ndiyo nne, Hapana sifuri. Awat alitia sahihi kwamba kura ilikuwa huru na ya haki, akaomba kikombe cha tatu.

Jumapili, 24 Septemba

Nilitangaza wakati wa kifungua kinywa. Nikasoma swali, matokeo, kisha ibara ya kwanza. Mama mkwe aliuliza kama jamhuri itamrudishia foronya yake. Baba mkwe alicheka mpaka mtindi ukamtoka puani. Nikamwambia ndivyo serikali ya Baghdad inavyotucheka sisi Wakurdi. Akaacha kucheka. Akasema katika maisha yake ametukanwa kila tusi, lakini kuitwa Baghdad, ndani ya nyumba yake, na mtu anayekula mkate wake, hilo ni jipya.

Jumatatu, 25 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Tulifika kituoni, kwenye shule ya mtaa, saa mbili asubuhi. Ngoma, watu wanacheza wameshikana mikono, baba mkwe ndani ya nguo zake, mshipi umemzunguka mara saba. Msimamizi akatazama kidole chake. Kisha cha mama mkwe. Kisha cha Shilan. Kisha changu. Akasema, kwa heshima kabisa, mzee wangu umeshapiga kura, rudi nyumbani ukapumzike. Baba mkwe akasema ni jozi. Msimamizi akasema hata yeye angesema hivyo hivyo. Nikajitosa kueleza kuhusu jamhuri. Wakamwita polisi.

Tulisugua limau, chumvi, majivu, mafuta ya taa. Wapi! Baba mkwe aliketi nje kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yanakaribia kidevu. Hakula. Watu waliokuwa wakitoka walimwonyesha vidole vyao kwa furaha, naye akaficha chake ndani ya mshipi. Nilitamani anitukane.

Saa kumi na moja jioni zamu ilibadilika, akaja mama mmoja wa Tawela, huko milimani kunakotoka jozi. Alikishika kidole cha mzee akakinusa. Akasema kwao kila mtoto huenda shule na vidole hivi, kwamba wino wa serikali haunuki ganda, na kwamba aliyemfanyia mzee mambo haya apelekwe kwa daktari. Tukapiga kura wote wanne. Baba mkwe alitoka analia, kidole juu. Na mimi nililia. Njiani akaniambia Ijumaa ni ile ile, na ngazi anaiondoa.

Jumatano, 27 Septemba

Vikwazo. Ngazi imeondolewa mimi nikiwa juu. Waya wa jenereta ya mtaa umekatwa. Shilan ananitumia mkate kwa kamba na kuniuliza nitakua lini. Nimewaandikia majirani sita kuomba jamhuri itambuliwe. Wote wamesema wananiunga mkono sana, moyoni. Awat amesema ana wasiwasi mkubwa, akauliza kama Khatun anauzwa.

Ijumaa, 29 Septemba

Redio imesema kwa amri ya Baghdad, kuanzia saa kumi na mbili jioni ndege za kimataifa hazitui tena kwetu. Awat naye ana redio. Saa kumi na mbili kamili alipaza sauti kwamba anga lake limefungwa, akaachia njiwa wake arobaini. Wangu wakapaa kuwalaki, wakazunguka mara mbili, wakatua kwake wote. Khatun alitangulia. Hakugeuka hata kunitazama. Nilipodai, Awat akasema wamehamia kwa hiari yao, na nikitaka wapige kura.

Nilikaa nikalia. Baba mkwe akarudisha ngazi, akapanda na bakuli la dolma, ule wali wa kufungwa kwenye majani ya mzabibu, akaketi kando yangu. Akanisogezea bakuli. Kisha akasema yeye amesubiri miaka sabini na nne, mimi nimeshindwa kusubiri siku nane.

Jumapili, 1 Oktoba

Nimesalimu amri. Jamhuri imevunjwa. Foronya imeoshwa, miali imegoma kutoka. Nyanya zinakauka kwa amani.

Baba mkwe amenisamehe. Amenipa hata chumba cha tanuri kule uani, nifuge kuku wawili watatu. Nimemshukuru kwa moyo wangu wote. Nimekikagua: kina mlango wake, kina dirisha lake, na mkate wote wa nyumba hii huokwa humo.

Mkate wote!

Shilan amenikuta natoka sokoni, akauliza gunia hili la jozi mbichi ni la nini. Nimemwambia ni za kula.