Ukuta Mgonjwa wa Mzee Madatali

Hajazaliwa tapeli wa kuniingiza mimi mjini. Wa Toronto hii nawajua kwa harufu, hata wakijipaka marashi. Yule aliyeniuzia sufuria isiyounguza simhesabu, maana sufuria ilikuwa nzuri kabisa mpaka ilipowekwa motoni. Na yule wa mazulia alikuwa na uso wa huzuni. Tuwaache hao. Habari ni ya Wasi.

Wasi alikuwa mkazi wa mtaa wa Malton, mume wa Shireen. Aliwahi kupakia mizigo pale kiwanja cha ndege, akaacha siku alipogundua kwamba mizigo ni mizito. Tangu hapo akawa mtu wa mipango. Mchana kutwa alikuwa na suti, simu sikioni, na viatu vilivyometa kuliko maisha yake.

Siku moja ya vuli alikwenda Pickering, mji wa jirani, kwenye hitma ya marehemu asiyemjua. Alisikia pana biriani. Akalia vizuri kuliko wafiwa, akapewa sahani ya pili. Alipotoka barazani kuchokonoa meno, akaiona nyumba ya ng'ambo ya barabara: kubwa, imepigwa plasta nje juu mpaka chini, nyeupe kama keki ya harusi, na mbele yake bango la kuuzwa. Uani mzee mmoja alikuwa anafagia majani makavu, anayasukuma taratibu kwenye kiwanja cha jirani.

"Nani yule?" Wasi aliuliza.

"Mzee Madatali," akajibiwa. "Alikuwa na duka la vipuri Tanga. Haji misibani, misibani kuna michango."

Wasi akatabasamu na kijiti mdomoni. Bahili ndiye samaki mwepesi kuliko wote, maana mdomo wake uko wazi muda wote akihofia kupitwa.

Kesho yake akabisha hodi pale. Kichwani alivaa kofia ngumu ya njano ambayo kiwanja cha ndege kilisahau kumdai, na mkononi alishika kimashine cha kupimia unyevu.

"Shikamoo, mzee wangu. Naitwa Injinia Reza. Kazi yangu kutazama kuta."

"Kuta zangu zimekuita?" Madatali aliuliza, mlango kaufungua upana wa pua.

"Zinalia, mzee. Wewe tu huzisikii."

Mlango ungefungwa hapo, lakini Jenabai, mke wa Madatali, alikuwa nyuma na unga mikononi. Huyu mama hajawahi kumwona mtu mlangoni asimlishe. "Mwingize mtoto wa watu, baridi hiyo! Injinia, unakula bajia?"

Injinia alikula bajia. Alikula sahani nzima, kisha akapanguza vidole na kuanza mahubiri, ambayo aliyakariri kwenye simu akiwa amelala kochini.

"Mzee, plasta si plastiki. Mvua ikija na upepo, maji hupenya. Yatapita pembeni mwa dirisha, yatapita kwenye ufa mwembamba kama unywele. Kupenya si kosa, kila ukuta hunywa kidogo. Ndiyo maana fundi mwenye akili huacha nafasi nyembamba nyuma ya plasta, na kule chini, juu kidogo ya ardhi, huweka ukanda wenye vitundu. Maji yanateremka, yanatoka, yanakwenda zake. Ukuta ni kama binadamu, mzee. Ukinywa, lazima ukojoe."

Jenabai alicheka mpaka akashika meza. Madatali hakucheka.

"Na usipokojoa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unaoza. Tena kutoka ndani, nje ukiendelea kumeta. Kama baadhi ya watu."

Wakatoka nje kupima. Wasi akagusisha kimashine ukutani, kikalia. Akakisogeza, kikalia. Akakipeleka upande wa pili wa nyumba, kikapiga kelele kama mtoto anayeogeshwa. Nikwambie siri yake: kimashine kile kinalia pia kikigusa chuma, na plasta ile imeshikiliwa na wavu wa chuma nyumba nzima. Ungekipeleka kwenye ukuta wa plasta katikati ya jangwa, kingelia. Kwa kimashine hicho Wasi alikuwa na uwezo wa kuitia ugonjwa nyumba yoyote aliyoitamani.

Ila hakuinama. Hilo likumbuke. Mhubiri wa vitundu vya chini hakutazama chini hata mara moja, maana palikuwa na matope na suruali imetoka pasi.

"Mimi si mnunuzi," akamwambia Madatali huku amemshika bega. "Mimi namwogopa Mungu tu. Lakini mkaguzi wa nyumba akifika hapa, mzee, huuzi hata kwa adui. Ningekuwa wewe, ningempokea mnunuzi wa kwanza asiyeleta mkaguzi, hata bei yake iwe ya matusi."

Madatali akatoa leso, akajifuta macho makavu. "Nyumba yangu," akasema. "Jasho langu lote."

Wasi aliondoka akipiga mluzi. Alikuwa ameusingizia ugonjwa ukuta mzima, na mwenye ukuta ameamini.

Sasa sogea nikunong'oneze. Ukuta ulikuwa umeoza kweli.

Baridi ya kwanza katika nyumba ile, Madatali alizunguka nje akaviona vile vitundu vya chini. Kwao Tanga tundu la ukutani lina kazi mbili, kuingiza panya na kuingiza siafu. Huku akaliongezea ya tatu, kutoa nje joto alilolipia. Alikasirika. Akakoroga saruji kwenye beseni la unga la mkewe, akaziba vyote kwa kidole, akarundika udongo juu, akaingia ndani kujisifu. Ukuta ukaanza kunywa bila kukojoa. Nyumba za huku nyuma ya plasta ni mbao tupu, basi ikaja siku ambapo ubao wa ukuta wa chumba cha nyuma ulibonyea kama muhogo uliochemka. Alifanya nini? Aliita fundi? Fundi analipwa! Alipigilia ubao mpya juu ya ule mbovu, akapaka rangi, akaweka kabati kubwa mbele yake, akaanza kufukiza udi. Kisha akaweka bango la kuuza.

Injinia alipotokea na habari za kuoza, moyo wa mzee ulisimama, akajua ameumbuka. Aliposikia maneno "asiyeleta mkaguzi", moyo ukaanza tena, safari hii na ngoma.

Basi watazame wale wawili juu ya sahani moja ya bajia. Mmoja anasema uongo, na uongo wake ni kweli tupu. Mwingine anajiliza kwamba anaibiwa, naye ndiye mwizi. Shetani akipita hapo anavua viatu akae ajifunze.

Wasi hakuwa na pesa ya kununua hata mlango wa nyumba ile. Lakini alikuwa na mama mkwe. Zebunissa, mama yake Shireen, alikuwa mjane anayeishi Rexdale, juu kabisa kwenye jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Alishona mapazia ya watu mpaka vidole vikapinda, na chote alichoweka kilikuwa na hamu moja nyuma yake: siku moja afungue mlango, akanyage ardhi. Magoti yalikuwa yamekwisha, na kila lifti ilipogoma alikaa ndani kama mfungwa, akiangalia mabasi ya barabara ya Kipling kwa mbali.

"Mama," Wasi alimwambia, "nimepata nyumba Pickering. Bei ya kuokota. Tutaandika majina mawili, lako na langu, tuhamie wote."

Kwa desturi ya huku, mwenye nyumba hutoka wanunuzi wanapokuja kuangalia, na karatasi zote huzungushwa na madalali na mawakili. Unaweza kununua kitanda alicholalia mtu usiujue uso wake. Desturi hiyo ilimfaa Wasi kama glavu.

Zebunissa alizunguka vyumba na fimbo yake. "Mbona udi mwingi?"

"Watu wa dini, mama."

"Dalali anauliza kama tutaleta mkaguzi."

"Mkaguzi wa nini na mimi nipo? Mimi nimesomea kuta."

"Lini?"

"Nilipokuwa sina kazi."

"Basi utakuwa umesoma sana," Zebunissa akasema. Lakini alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mguu mmoja tayari uko kwenye nyasi, na mguu ule ulikuwa umeshanunua.

Wasi akaugonga ukuta kwa ngumi. "Mkavu kama biskuti, mama!"

Ukuta uleule mmoja. Kwa muuzaji mahututi, kwa mnunuzi mzima wa afya. Daktari wa namna hiyo afungwe au apewe wizara, sijui.

Wakanunua, kwa bei ya matusi, bila mkaguzi. Zebunissa alitoa vyote. Madatali na Jenabai wakahamia Malton kwa binti yao, wakaacha lile kabati kubwa kama zawadi. Bahili kuacha zawadi! Mtu mwenye akili angeita polisi palepale.

Baridi ikapita, theluji ikayeyuka, mvua zikaja. Chumba cha nyuma, alicholala Zebunissa, kikaanza kunuka kama kitambaa cha deki kilichosahauliwa. Asubuhi moja alikunja msala wake akaona kitu cheupe kimechungulia chini ya kabati.

"Wasi, mwanangu, njoo. Hiki nini?"

Wasi akatazama. "Uyoga, mama."

"Ndani ya chumba changu?"

"Wenzetu wanakwenda kuununua dukani."

Zebunissa hakucheka. Alimwamuru asogeze kabati. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba, na ukungu mweusi umepanda kama ramani ya nchi isiyo na serikali. Akaubonyeza ukuta kwa kidole, kidole kikazama mpaka kwenye pete.

"Wewe uliyesomea kuta," akasema polepole, "niambie, maji ya ukuta hutokea wapi?"

Mtu mwingine angenyamaza. Lakini Wasi ukimpa nafasi ya kujifanya anajua, hata kwenye kaburi lake mwenyewe atatoa maelezo. Akahubiri yote: nafasi nyembamba, ukanda wa chini, vitundu. Aliacha tu ile ya kukojoa, kwa heshima ya mama mkwe.

"Haya. Nionyeshe hivyo vitundu."

Wakatoka nje. Wasi akatazama viatu vyake, akatazama matope. Zebunissa akamwachia fimbo, akapiga yale magoti mabovu, akafukua udongo kwa mwiko wa ugali aliopitia nao jikoni. Ukanda ukaonekana. Kila kitundu kimezibwa kwa saruji, na kwenye saruji alama ya kidole cha mtu, imekauka safi kabisa.

Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale, kwenye ardhi aliyoitamani miaka yote, mwiko mapajani.

"Nilishona mpaka macho yakaniuma," akasema. "Nimenunua uyoga."

Wasi ndiye aliyepiga kelele. "Wezi! Watu hawana utu! Watu wanamdhulumu mama mzima!" Na alikasirika kweli, machozi yalimtoka. Hakuna anayelia kuibiwa kwa uchungu kama mwizi, maana anajua kazi iliyofanyika.

"Basi inuka," Zebunissa akasema. "Dalali ameniambia wamehamia Malton. Twende ukanisemee."

Machozi ya Wasi yakakauka ghafla. "Mama, tumwachie Mungu."

"Mungu hakuniuzia nyumba. Twende."

Njia nzima Wasi aliumwa: tumbo, kisha kichwa, kisha jino. Kila alipougua Zebunissa alisema, "Tutapita hospitali tukirudi."

Malton ndege zinashuka karibu mno na mapaa, kiasi kwamba watu huzungumza kwa vituo. Madatali alifungua mlango mwenyewe. Akamwona mama mwenye fimbo. Nyuma ya mama akamwona Wasi, aliyekuwa amejifunika skafu mpaka puani ingawa jua lilikuwa linawaka. Wakatazamana. Nusu ya nafsi ya kila mmoja ikataka kukimbia.

"Mimi ndiye niliyenunua nyumba yako," Zebunissa akasema. "Ukuta umeoza. Ulijua?"

Ndege ikapita. Madatali alimshukuru Mungu kwa ile ndege. Ilipokwisha akaweka mkono kifuani.

"Dada yangu, ningejuaje? Hakuna kiumbe aliyewahi kuniambia kwamba ukuta ule una maji. Hakuna!"

"Mama," Wasi akadakia kutoka ndani ya skafu, "mzee anasema kweli. Tazama uso wake. Twende zetu."

Zebunissa akageuka. "Saa hii alikuwa mwizi. Kumbe mnajuana?"

"Sijawahi kumwona!" Wasi akasema.

"Wala mimi simjui kijana huyu!" Madatali akasema, kwa haraka ileile. Walikuwa wamelingana kama waimba kaswida. Ni mara ya kwanza wajanja wale kuelewana, na ilihitaji mtu wa kumdhulumu ili waelewane.

Zebunissa akasita. Akashusha fimbo. Kwa kweli alikuwa karibu kuondoka, na nyumba ingebaki yake na ukungu wake mpaka kaburini. Lakini ndani ya nyumba ile palikuwa na mtu asiyejua kumwacha mgeni mlangoni.

"Nani hao wamesimama nje?" Jenabai akatokea na sinia, akachungulia juu ya bega la mumewe, na uso wake wote ukafunguka. "Injinia! Ni wewe? Toa hiyo skafu nikuone! Mwanangu, umepotea jumla! Ule ukuta uliotuambia umeoza tumeshauuza, alhamdulillahi, na mnunuzi mwenyewe hata mkaguzi hakuleta, kama ulivyotuombea!"

Madatali akafumba macho.

"Bibi, umenifananisha," Wasi akasema, jasho likimtiririka. "Wallahi umenifananisha. Kwanza mimi simfahamu huyo Injinia Reza."

Kwa mara moja hata ndege hazikupita. Zebunissa akanyoosha mkono, akaivuta ile skafu taratibu mpaka ikamtoka shingoni.

"Mwanangu," akamwuliza, "ni nani hapa aliyemtaja Reza?"