Tarehe ya Kuhama kwa Simba wa Shaba na Kinu cha Tantine Fatouma

Wekeni chini vikombe vyenu, enyi watu wa Makiso na Mangobo, wa Kabondo na Tshopo, na ninyi wa ng'ambo ya Lubunga mnaojifanya kila habari mmekwisha kuisikia kabla haijavuka maji. Nyamazisheni redio, na mwenye simu aigeuze kifudifudi. Inawajia habari ya safari iliyo kuu kupita zote zilizopata kufanywa katika mji wa Kisangani, safari ambayo mtu asiye na haraka angeimaliza akitafuna muhogo mmoja wa kuchoma. Nawe Mto, uliyewabeba wazee wetu na pembe zao, uliyezipokea meli za Wabelgiji na kuziacha zikazeeka kwa kutu, tukirimu pumzi, maana sentensi za tarehe hii, yaani historia hii, ni ndefu.

Palikuwa na ufalme mmoja mdogo wa Ulaya, wenye baridi nyingi na siagi nyingi, ambao tangu enzi za ukoloni uliweka ubalozi wake mdogo katika nyumba ya matofali ukingoni mwa mto. Wakoloni wakaenda zao, waasi wakaja wakapita, majeshi ya wageni yakaja kupigania hapa ugomvi wao kana kwamba kwao hakuna viwanja, na ubalozi ukabaki, ingawa mto ulikuwa ukila bustani na mchwa wakila dari. Balozi wa heshima siku hizi si Mzungu tena. Ni Papa Augustin, mwana wa wavuvi wa Isangi, mfanyabiashara wa chumvi, Mwenye Suti ya Kijivu. Lakini kila mtu alijua kwamba mwenye ubalozi hasa ni katibu wake, Ramla binti Jafari, Mshika Muhuri, Mfungua Madirisha, mwanamke wa makamo ambaye hata nzi wakiingia ofisini huonekana kama wamebisha hodi.

Baba yake Ramla, marehemu mzee Jafari, ndiye aliyekuwa akipandisha bendera hapo. Siku zile za mabomu aliiteremsha, akaikunja, akaitandika chini ya mkeka wake akailalia mpaka bunduki zikachoka. Ramla aliirithi kazi hiyo, naye aliipenda, na haya ya kusema hivyo hakuwa nayo.

Ndipo ikaja amri kutoka ubalozi mkuu wa Kinshasa. Mashariki ya nchi kumechafuka, ikasema amri, basi ubalozi mdogo uondoke karibu na bandari, uhamie nyumba yenye ukuta mrefu nyuma ya soko kuu, tena uhame kimya kimya. Na ikiwa kuhama huko kutazua taharuki yoyote mjini, ubalozi utafungwa moja kwa moja, na mtu wa Kisangani anayetaka muhuri ataufuata Kinshasa. Ramla aliposikia hayo alikaa kitako juu ya sanduku la karatasi, akafikiri juu ya mkeka wa baba yake, na machozi yakamlengalenga.

Siku ya kuhama ilipowadia, jeshi la kuhama likakusanyika uani asubuhi. Alikuwapo Merdi, Jabali la Mangobo, mwenye mkokoteni wa pusupusu na shingo nene kuliko paja la mtu wa kawaida. Ikapakiwa meza ya balozi na kiti chake, ikapakiwa picha ya mfalme mwenye ukungu shavuni, na juu yake akalazwa simba wa shaba, nembo ya ufalme, aliyetoa ulimi mlangoni tangu ukoloni na hakuwahi kuurudisha. Papa Augustin akasimama juu ya kizingiti, akahutubia.

"Wana yangu," alinena, "leo iko siku ya historia. Ufalme unatuangalia. Kila mutu abebe na heshima, na hii meza musiikwaruze, juu mbao yake haipatikane tena hata kule mu pori ya Yangambi. Tutoke kimya, tufike kimya. Donc, mutu asikohoe."

Maneno hayo hayajapoa, akatokea jikoni Tantine Fatouma, dada mkubwa wa marehemu Jafari, Nguzo ya Uwanja, akiwa amekumbatia kinu cha mti kilichomfikia kiunoni. Nyuma yake aliburuta mchi na furushi la majani ya muhogo ya kupika sombe. Ramla akamzuia.

"Tantine, hii kinu iko na kazi gani mu diplomatie?"

Bibi yule akakitua kinu, akajifuta jasho, akaanza hotuba. "Ramla, mutoto ya Jafari, sikia. Hii kinu iliingia mu hii kiwanja mbele ya muhuri yako. Balozi wa kwanza alikula sombe ya mama yangu. Wa pili alikula. Wa tatu alikataa, na tumbo yake njo ilimurudisha kwabo. Bon. Leo lazima nyungu itokote kwa nyumba mupya mbele ya watu kulala mule, vile wazazi walitufundisha. Nyumba yenye haina kinu haiko nyumba, iko dépôt ya mizigo. Kama kinu inabaki, na miye ninabaki, alors mutamueleza ule mufalme wenu."

Papa Augustin alitazama mto. Merdi alitazama kucha zake. Ramla, ambaye hakupata kushindwa na mgeni wala mwenyeji, alishindwa hapo na shangazi yake, akaamuru kinu kiwekwe nyuma kabisa na kifunikwe kwa turubai, ufalme usije ukaaibika.

Hapa ndipo Ramla alipokosea, na tarehe ya kweli haimfichi shujaa wake. Aliogopa macho ya watu, akaona dawa ni kupita upesi kabla hawajatazama vizuri. Alipofika barabara ya soko akaikunja bendera aliyoibeba mkononi tangu uani, akaibana kwapani, akasema, "Mbiyo, Merdi. Tupite, batu basijue." Jabali likainama, magurudumu yakalia, na ubalozi wa ufalme ukatoka mbio mchana kweupe, meza ikiruka, simba akiruka, na balozi wa heshima nyuma yake akikimbia huku ameshika suruali.

Sasa, mji huu umeyaona mengi na umejifunza kusoma alama. Wazee wake huwaambia wajukuu: ubalozi ukifunga sanduku, funga lako. Mwanamke mmoja muuza mkate alimwona simba wa shaba akipita kwa kasi, akafunika mkate wake. Jirani yake alipomwona amefunika, akafunga vitenge vyake. Milango ya maduka ikaanza kushuka, mmoja baada ya mwingine, na vijana wa toleka wakageuza baiskeli zao na abiria wakiwa bado juu. Habari ilipofika upande wa pili wa soko, ilikuwa imekwisha kupata ndege mbili uwanjani na Wazungu wakipanda. Ilipofika ufukweni kwenye mitumbwi, kulikuwa na majeshi Ubundu, mji wa jirani. Akina mama wakaanza kuteremka mtoni na magodoro vichwani.

Ndipo simu ya Papa Augustin ikalia. Akaipokea, akajinyoosha, kisha akanywea. Alipoishusha, uso wake ulikuwa wa kijivu kama suti.

"Kinshasa banajua," alisema. "Mutu alishatuma video. Banasema, batapiga tena sasa hivi, na kama mugini ingali inatetemeka, banafunga. Ramla, banafunga leo."

Ramla hakungoja simu ya pili. Akapanda juu ya mkokoteni, akasimama kando ya mfalme mwenye ukungu, akapaza sauti iliyozoea kuita majina dirishani.

"Batu ya Kisangani, musikie. Hatukimbie. Tunahama tu, tunaenda pale nyuma ya soko. Hakuna vita, hakuna ndege. Mimi Ramla, munanijua, sitatoka hapa."

Angélique, yule muuza mkate, mwenye kichwa cha mkate mikononi na kichwa chake mwenyewe kisichodanganyika, akamjibu kwa upole.

"Mama Ramla, tunakuheshimia. Lakini kila mutu mwenye anakimbiaka, anasemaka vile vile. Ule muzungu wa mwaka ya vita alitupungia mukono akasema anaenda kuoga. Na weye bendera iko mu kwapa."

Umati ukaguna kukubali. Ramla akaishusha bendera kutoka kwapani, akaitazama. Alijua kwamba yeye mwenyewe, kwa mbio zake, ndiye aliyekuwa anaufunga ubalozi wa baba yake. Akageuza uso ili watu wasimwone, na alipougeuza, macho yake yakaangukia turubai kule nyuma, na mguu wa kinu uliokuwa ukichungulia chini yake.

Akashuka. Akamkabidhi Papa Augustin bendera. Akalivuta turubai, akakikumbatia kinu kile kwa mikono miwili, akakitua katikati ya njia panda, hapo ambapo hata malori hujiuliza mara mbili. Akavua viatu vya ofisi, akajifunga kitenge cha shangazi juu ya sketi yake, akamimina majani ya muhogo ndani, akainua mchi.

Du. Du. Du.

Mlio huo ulikwenda mpaka mwisho wa soko. Mwenye duka aliyekuwa akishusha mlango aliuacha nusu. Vijana wa toleka waliweka mguu chini. Tantine Fatouma, aliyekuwa amefika akihema nyuma ya mkokoteni, akaketi juu ya kiti cha balozi kama aliyezaliwa juu yake, akauuliza mji swali moja.

"Mutu gani alishaka kimbia vita na sombe mbichi?"

Watu wakalipima swali hilo. Anayekimbia hubeba godoro, hubeba mtoto, hubeba muhogo uliokwisha kupikwa. Sombe ni jambo la mtu aliyekaa: itwangwe, ichemke, ichemke tena, iungwe mawese, na hapo jua limekwisha kuegemea magharibi. Hakuna jeshi lililowahi kumngoja mtu sombe yake iive. Angélique akasogea, akachungulia ndani ya kinu, akachota majani kwa vidole viwili, na uso wake ukajaa dharau ya kweli.

"Hii iko bado mikubwa sana," alisema. "Unatwanga kama mutu wa bureau na kalamu. Leta muchi."

Akauchukua. Mwingine akaja kumpokea, akamkosoa Angélique, naye akakosolewa, na kicheko kikazuka pale njia panda kikateremka hadi ufukweni. Akina mama waliokuwa na mguu mmoja ndani ya mtumbwi waliutoa. Katika furaha hiyo simu ikalia tena. Sauti ya Kinshasa ikauliza kwa hofu ni mlio gani huo mzito, je, ni mizinga?

Papa Augustin akaielekeza simu kwenye kinu, ili ufalme usikie vizuri. "Hapana, Excellence," alijibu. "Iko sombe. Mugini iko natwanga."

Basi jeshi likashika tena njia, safari hii pole pole, kinu kimewekwa mbele na simba nyuma, Merdi akisukuma kwa hatua za bwana harusi. Ubalozi ukaingia nyumba mpya mchana huo. Kinu kikatangulia kuvuka kizingiti, bendera ikapanda, nyungu ikatokota. Jioni walikula sombe juu ya meza ya balozi, wakaikwaruza. Tantine Fatouma akamsogezea Ramla bakuli.

"Baba yako alilala juu ya bendera," alisema. "Weye umeitwangia. Kula, mutoto yangu." Ramla akala, akalia kidogo, akaongezewa.

Andikeni basi, enyi wenye wino, kwamba mwaka ule mashariki ilipotetemeka, ufalme mmoja ulihama Kisangani kwa mwendo wa muhogo mmoja, na hakuna mtumbwi uliozama, na hakuna duka lililobaki limefungwa kabla ya saa ya kufunga. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajagusa kamba ya bendera, Ramla hukitoa kinu nje na kukiweka chini ya simba, mahali ambapo kila apitaye atakiona. Bendera ni kwa ajili ya Kinshasa. Watu wa mji hutazama kinu, wakakikuta kipo, wakaenda zao sokoni.