Bwawa la Ubatizo na Feni ya Bashige

Jumanne, 11 Juni

Daktari amesema. Jumanne ijayo Maman Mukamurenzi anapasuliwa koo, na sauti huenda isirudi. Sauti ile! Imeibeba kwaya yetu hapa Kamembe miaka yote. Binti yake Isimbi anaomba jambo moja tu: wimbo ambao mama aliutunga Uvira, kabla hawajarudi Rwanda, urekodiwe Jumapili baada ya ubatizo. Mama mwenyewe alinishika mkono. "Nitaimba mara moya tu, Papa Aimé. Ya pili sitaweza."

Mimi ndiye fundi sauti wa kanisa. Nimekaa nikiwaza hadi chai ikapoa.

Tatizo ni kompyuta. Ikichemka, feni inanguruma, na mikrofoni inasikia kila kitu. Shemasi Bashige, msaidizi wangu (yeye anadhani ni mkubwa wangu), anasema tutoe vumbi tuweke feni kubwa, kwa sababu feni kubwa huzunguka polepole na haisumbui sana. Eti hewa haimwagiki kama maji. Mtu mzima, shemasi, anategemea upepo!

Jumatano, 12 Juni

Nimepata! Maji. Maji yanabeba joto vizuri kuliko hewa, tena kimyakimya. Zile mashine za kupoza kompyuta kwa maji zinazouzwa madukani bado zina feni, kwa sababu maji yake ni kidogo na lazima yapozwe. Mimi maji ninayo tele. Chumba cha sauti na bwawa la ubatizo vimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Lita elfu tatu, baridi! Pampu ndogo, mpira wa kwenda, mpira wa kurudi, kisanduku cha shaba juu ya prosesa, pale joto linapotoka. Feni naing'oa. Nilizunguka chumba kwa furaha nikagonga kichwa kwenye rafu.

Bashige hataambiwa.

Ijumaa, 14 Juni

Feza, anayevuka mpaka kila siku kutoka Bukavu na bidhaa zake, ameniletea pampu ya kufugia samaki. Aliuliza samaki gani. Nikamjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Akasema ataniombea mimi na samaki. Watu hawana uzito siku hizi.

Bashige alinikuta natoboa ukuta. Nikasingizia panya. Alitazama mipira, akatazama kompyuta, akatikisa kichwa: mayi na umeme habipatanake, yaani havipatani. Kisha akaleta kompyuta yake ya zamani, ya akiba, eti kama yangu ikikataa. Feni yake kama kinu cha kusaga mihogo! Nilimwambia aitoe machoni pangu. Akaiweka kwenye korido. Nimemsamehe, lakini si sana.

Jumamosi, 15 Juni

Wamejaza bwawa. Nimewasha. Digrii thelathini na nane! Kwa feni ilikuwa themanini na saba. Kimya kabisa, hadi nikasikia tumbo langu. Machozi yalinitoka. Maman Mukamurenzi atabaki duniani hata akinyamaza, na ni mimi nitakayembakiza.

Jumapili, 16 Juni

Nimeshindwa kula.

Ubatizo ulienda vizuri. Watu kumi na wanne wa Gitambi walizama na kuibuka, hakuna aliyekanyaga mpira. Kisha Maman Mukamurenzi akasimama, kitambaa shingoni, akafumba macho. Ubeti wa kwanza ulikuwa safi, hata pumzi yake niliisikia.

Ubeti wa pili, digrii zikaanza kupanda. Hamsini. Sabini na tano. Mipira ikakoroma. Tisini na nane. Kioo kikawa cheusi. Sikuwa nimehifadhi chochote.

Nilikimbia nyuma ya ukuta. Bwawa tupu! Bashige yumo ndani, suruali imekunjwa, anafagia matope ya mwisho. Wanamwaga maji kila ubatizo ukiisha, watoto wasije wakatumbukia. Miaka yote. Nikampigia kelele kwa nini hakusema. "Hata muntu moya hakuniuliza," akajibu, akaendelea kufagia.

Hakuna aliyemwambia mama aache kuimba. Nilibaki ndani ya lile bwawa, viatu vimelowa, nikausikia wimbo ukiisha upande wa pili. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Halafu Bashige akasema kompyuta yake ya korido ilikuwa imewashwa tangu mwanzo, ikirekodi kwa mikrofoni yake ya ndani. Ameupata wote.

Jumapili, 30 Juni

Tulikwenda Nyakarenzo kumsalimia Maman Mukamurenzi nyumbani kwake. Amepona, Mungu asifiwe. Sauti haikurudi. Anaandika kwenye daftari.

Isimbi alichomeka kwenye redio flashi aliyopewa na Bashige. Wimbo mzima upo, na feni ya Bashige inanguruma toka mwanzo hadi mwisho. Mama alisikiliza akiwa ameweka kiganja kooni. Akaandika: Tena. Tukarudia mara nne. Wote walilia. Mimi nililia kwa sababu ya feni.

Nikasema naweza kuitoa hiyo kelele. Bashige akasema niuache hivyo, flashi ni hiyo moja, mashine yake ilijaa akafuta. Mama akatikisa kichwa. Ana adabu sana, hataki kunisumbua. Wakati wa kuagana nikaitia flashi mfukoni.

Kusafisha sauti kunachemsha prosesa siku nzima. Hewa ni kelele, maji yamenisaliti. Lakini mafuta! Mafuta hayapitishi umeme. Nimenunua madumu mawili ya mawese ya Bugarama, nimeizamisha kompyuta yote kwenye beseni. Inawaka! Imekuwa nyekundu, inapendeza.

Isimbi amepiga simu mara mbili. Mama anaitafuta flashi chini ya mito, anataka kusikiliza. Nimemwambia avumilie hadi kesho. Nimeshaichomeka, humo humo kwenye mafuta. Nakala nitatoa nikimaliza.