Bibi Harusi, Viti Viwili na Tuta la Madrasa

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, nikiwa na kanzu mpya, mbele ya ukoo mzima na nusu ya mtaa wa Maweni. Sasa nimekaa barazani kwangu, kiatu kimoja sijui kiko wapi, na nimeona bora niwasimulie mwenyewe kabla picha hazijawafikia. (Kama zimeshawafikia, someni hata hivyo. Picha hazielezi.)

Wengi wenu mnalijua gari langu. Kwa wasiolijua nitaeleza polepole, maana ndiyo kazi yangu: nafundisha udereva hapa Malindi, na kueleza kumeniingia damuni. Ni lile dogo jekundu la michezo, la Kijapani, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa. Watu hulitafuta miaka wasilipate. Nikiliacha nje ya duka la mikate, nikitoka namkuta mtu mzima analizunguka huku mikono iko mgongoni. "Unauza?" Siuzi.

Uzuri wake si mbio. Uzuri wake ni wepesi. Gari zito huiburuza barabara, gari jepesi huzungumza nayo. (Maneno haya nimewaambia wanafunzi wangu wote. Familia nimeiambia. Kwenye matanga fulani pia niliyasema, na mke wangu alinifinya.)

Lakini linataka kutunzwa. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hula chuma, kwa hiyo kila wiki nalala chini yake na mpira wa maji matamu nikaliosha tumbo. Siliegeshi chini ya mnazi hata kwa dakika moja. Lile turubai nalipaka dawa lisipasuke kwa jua. Mke wangu anasema laiti angezaliwa na magurudumu, naye angepakwa.

Na liko chini. Paka akitaka kupita chini yake huinama kwanza. Hilo mlikumbuke.

Sasa, kuna Saumu, binti wa dada yangu Zuhura. Huyu nilimfundisha udereva mwenyewe, tena kwa gari hilohilo, na ndiye mtu pekee mwingine niliyempa usukani wake. Siku aliyofaulu mtihani aliniambia, "Mjomba, nikiolewa nitapelekwa ukumbini na hili." Nikamjibu, "Wallahi nitakupeleka nalo." Niliahidi. Shemeji alipojitolea kuleta gari kubwa jeupe lenye hewa baridi, nilikataa. Nilimwambia bibi harusi si gunia la saruji.

Leo ndiyo siku yenyewe.

Jana nilifanya maandalizi kama mtu mwenye akili. Niliipita njia nzima kutoka kwa dada hadi ukumbini, nikayapima matuta yote kwa kijiti. Yote yanapitika, ukiyaendea kwa upande. Nikarudi nyumbani, nikaosha gari, nikalifunga asumini kwenye vioo. Nililala usingizi wa mtoto.

Alasiri nikafika kwa dada. Wageni wengi walikuwa wameshatangulia na magari yao. Lililobaki ni basi la kina mama, limejaa, linaimba. Watu wa bwana harusi walikuwa wameshafika ukumbini kutoka Kilifi tangu adhuhuri, na dada alikuwa anapokea simu zao kwa sauti tamu na uso mchungu.

"Mamake bwana harusi anauliza kama Malindi kuna saa," akaniambia. "Nakuomba, ndugu yangu. Nisiaibike leo."

"Dada, tulia," nikasema. "Mwanao yuko mikononi mwangu."

Saumu akatoka. Mashaallah! Hina hadi viwikoni, shela usoni, maua kichwani yamepandishwa kama mnara. Nikamfungulia mlango, akaketi. Nikazunguka upande wa usukani. Na pale nikamkuta Bi Mwanahamisi, kungwi wake, mama mwenye mwili na sauti yake, anauzungukia mlango uleule, chetezo cha udi mkononi kinafuka moshi.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba mwanangu. Nifungulie basi nikae."

"Ukae wapi?"

"Na mwari wangu. Kungwi hamwachi mwari mpaka amkabidhi. Wewe ni mgeni wa mji huu?"

Jamani. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Harusi nimezihudhuria tangu sijui kufunga vifungo. Najua kabisa kwamba kungwi hukaa na bibi harusi. Lakini wiki zote hizi, kila nilipoliwaza gari, nilimwona Saumu, nikajiona mimi. Wawili. Viti viwili. Hesabu imetimia! (Mwalimu huyo.)

"Basi apande basini na wenzake," kungwi akaamua. "Au tungoje gari la mtu."

Ndani ya shela nikasikia pua ikivutwa. "Mjomba aliniahidi."

Kumbe ukitulia ukafikiri, jibu ni moja tu. Bi Mwanahamisi hajui kuendesha. Saumu anajua.

"Mwari ajipeleke mwenyewe?" kungwi alisema, na basi zima likakatiza wimbo. "Mwari hatazami mbele! Mwari huinamisha macho!"

"Bi Mwanahamisi," nikasema kwa ile sauti ninayoitumia kwa mwanafunzi aliyegonga ua, "atatazama barabara. Barabara iko chini."

Alifikiri. Dada naye simu ikalia tena. Kungwi akaingia.

Yakatokea mambo mawili. Kwanza, ule mnara wa maua haukuenea chini ya paa, ikabidi tulikunje turubai, na kungwi akatandaza leso juu ya mwari wake asionwe na wanaume, akamwachia upenyo wa macho tu. Pili, kile chetezo.

"Makaa ya moto hayaingii garini mwangu," nikasema. Hapo sikutikisika.

"Basi shika wewe."

Na hivyo ndivyo mwenye gari linalotafutwa na watu alivyojikuta nyuma ya bodaboda ya Kazungu, kanzu imekunjwa magotini, anafukiza udi nyuma ya gari lake mwenyewe.

"Mwalimu," Kazungu akalalamika, "moshi huu unanipofua! Na mgongo unaungua!"

"Vumilia, Kazungu. Weka umbali. Usimbane aliye mbele."

Na Saumu aliendesha vizuri! Nilijivuna. Gia ya pili, taratibu, tuta la kwanza kwa upande, la pili kwa upande. Kila tuta nilimsikia Bi Mwanahamisi akipiga kelele, "Inamisha macho!" nami nikipiga kelele nyuma, "Inua macho!" Basi la kina mama lilitufuata kwa vigelegele. Moyoni nikasema, mama wa Kilifi ataona saa.

Tukapinda kona ya madrasa.

Palikuwa na tuta.

Jana halikuwapo, naapa. Lilikuwa jipya, la mawe na udongo mwekundu, limeshindiliwa likang'aa, nene kama kaburi la sultani. Saumu akalishambulia kwa upande kama nilivyomfundisha. Magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka. Kisha nikasikia "krrrrr" ambayo hadi sasa iko masikioni mwangu, na gari likatua. Tumbo juu ya tuta, magurudumu ya nyuma hewani, yanazunguka bure kama feni.

Niliruka kabla bodaboda haijasimama. (Kiatu ndipo kilipoondoka.)

Kwenye kibaraza cha madrasa alisimama Mzee Athumani, mwenyekiti wa wazazi, uso umejaa furaha.

"Mwalimu! Umeliona?"

"Mzee wangu, nani ameweka tuta hapa?"

"Si wewe ulituambia? Ijumaa ulisimama hapahapa ukatueleza nusu saa nzima kwamba bila tuta bodaboda zitatuulia watoto. Tumekusikia! Leo tangu alfajiri tunashindilia. Tukasema Mwalimu atafurahi akipita."

Nilimshukuru. Mngefanya nini nyinyi?

Wanaume wakaanza kusogea watusaidie. Bi Mwanahamisi akasimama ndani ya gari, leso imeinuliwa kwa mikono miwili kama pazia.

"Mwanamume asikaribie! Mwari yuko wazi!"

"Basi ashuke kidogo," nikaomba, "gari lipungue uzito."

"Mwari hashuki njiani! Ashuke madrasa, aolewe na nani, ustadhi?"

Simu ya dada ikalia ndani ya basi. Niliisikia hadi nilipokuwa. Kisha nikasikia sauti ya Saumu chini ya leso, ndogo sana: "Mjomba, tumechelewa?" Na mimi, ambaye huwa na jibu la kila kitu, nikapulizia makaa ya chetezo.

Mlango wa basi ukafunguka.

Walishuka wote. Mabuibui, leso, dhahabu, viatu virefu mkononi. Dada yangu alitangulia, akafika mbele yangu, akanitazama mimi na chetezo changu, akanitundikia mkoba wake begani.

"Shika."

Aliyemfuata akanitundikia wake. Aliyemfuata naye. Nikajaribu kueleza: "Sikilizeni, msiinulie kwenye bampa, ni plastiki, shikeni hapa pembeni, magoti yakunjwe, mgongo uwe..." Mkoba ukaja shingoni. Mwingine kwenye kiwiko. Mwingine ulikuwa na mtoto wa mtu ameushikilia, nikapewa vyote viwili.

"Bismillahi!" dada akaita.

Wakaliinua! Jamani, wakaliinua sehemu ya nyuma kama wanavyoinua sufuria la biriani, na mwari wao ndani, na kungwi wao ndani, wanaimba, hawakukata hata ubeti. Wakalisogeza mbele, wakaliweka chini upande wa pili kwa upole kuliko ninavyoliegesha mimi. Vigelegele! Saumu akatia gia, akaondoka. Kina mama wakarudi mbio basini, dereva akang'oa nanga. Mikoba wakaisahau kwangu.

Picha mtakayoiona ndiyo hiyo. Mbele ya madrasa, mguu mmoja peku, mikoba imenijaa kama duka la sokoni, mtoto mkononi, chetezo kinafuka, na Mzee Athumani kando yangu amenyoosha kidole gumba.

Nilifika ukumbini na bodaboda, nikiwa wa mwisho. Saumu alikuwa ameshaketi, macho chini, mtulivu kama maji ya mtungi. Hawakuchelewa. Mamake bwana harusi alikuwa anamsimulia kila mtu kwamba kwao Kilifi hajawahi kuona bibi harusi akijileta, na kwamba binti wa namna hii hatamsumbua mwanawe kumtafutia dereva. Dada alinikumbatia, akachukua mkoba wake, akanihesabia na mingine, na mtoto akarudi kwa mamake.

Nikatoka nje kuliangalia gari. Nikalala chini na kanzu yangu mpya. Mkwaruzo mmoja tu, urefu wa kidole. Nilipoinuka, Bi Mwanahamisi alikuwa amesimama juu yangu, anasubiri chetezo chake.

"Mwanangu," akasema, "wiki nzima umetuchosha na gari lako, nami nilidhani ni maneno tu. Lakini nimewauliza waliolibeba." Akalipigapiga boneti kama shavu la mtoto. "Kweli ni jepesi."

Wanafunzi wangu, darasa la kesho asubuhi liko palepale. Tutajifunza kupita matuta, na atakayecheka atajifunza kwa lori.