Chef wa Barua Pepe Zote

Jumatatu, 3 Februari 2025
Siku kubwa! Tangu vita vifike Goma, ofisi yetu kuu huko imefungwa, makaratasi yote ndani. Mama Clotilde, patron wetu hapa tawi la Kamalondo, anasema zimebaki barua pepe tu: miaka tisa ya bidhaa na malori. Anataka mtu wa kuzihifadhi zote. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Dorcelle, sekretari aliyesomea kompyuta, alichelewa. Sasa mimi ni Chef, mkuu wa barua pepe zote. Mke wangu Perpétue ameuliza chef wa nani. Nimemwambia atulie, ataona.

Jumanne, 4 Februari
Matatizo. Nimekuta barua yangu ya 2022 kwa mkurugenzi wa Goma. Nilimweleza kwamba Mama Clotilde anazeeka, na kwamba mimi niko tayari. Jasho. Ikihifadhiwa, itasomwa. Nimemuuliza Dorcelle, kama mchezo tu, barua moja inafutwaje. Amejibu kwamba kuhifadhi maana yake hakuna kinachofutwa. Msichana mkavu.

Jumatano, 5 Februari
Nilitafuta neno “Clotilde”. Zikaja barua elfu kumi na nne. Nikabonyeza ili nifute moja. Zikaenda zote. Nikaona pipa la takataka limejaa. Kwa kupenda usafi, nikalimwaga. Nimetangaza ofisini kwamba mashine inapumzika.

Alhamisi, 6 Februari
Jérémie, dereva wetu, amepiga simu kutoka Sakania. Siku ya nne lori limezuiwa mpakani. Douane, watu wa forodha, wanataka kibali ambacho Goma ilimtumia Mama Clotilde kwa barua pepe mwezi wa kumi na mbili. Amebeba unga wa mahindi, turubai limepasuka na mvua inanyesha. Nilimshauri awaelezee wale watu kwa upole.
“Na mvula, nani ataielezea?” akauliza.
Jioni nilimwendea Dorcelle, nikaungama nusu. Nusu nyingine aliisoma usoni mwangu.

Ijumaa, 7 Februari
Dorcelle alikuwa amenakili kila kitu Jumatatu ileile, kwenye diski yake, bila cheo! Kibali kimepatikana kwa dakika mbili. Saa sita lori limevuka, magunia matatu tu yameloa. Nilicheza katikati ya ofisi, nikamshika hata Mama Clotilde mkono. Kwa furaha hiyo akaomba aone barua zinazomtaja yeye.
Alivaa miwani. Akasoma yangu polepole, mbele ya watu wote.
“Osée, weye ndiye ulisema niko nazeeka?”
Nilisema labda kuna kosa la tarehe. Akacheka mpaka akafuta machozi, yeye ambaye hajacheka tangu simu za ndugu zake wa Goma zinyamaze. Kwa kweli nilifurahi. Kisha akampa Dorcelle kazi yangu, akanituma Kasungami, pembezoni mwa mji, kulinda depo la bidhaa.

Jumatatu, 10 Februari
Kasungami. Hewa nzuri, watu wanaheshimu. Jirani wa depo, Papa André, anauza matofali kwa makampuni ya mjini, na sanduku lake la barua pepe limejaa mpaka halipokei tena. Nimemjulisha kwamba natoka katikati ya mji na kwamba hii ndiyo fani yangu. Ameshukuru sana, amenipa neno lake la siri. Naanza kesho asubuhi. Kwanza nitapunguza zile zisizo na maana.