Kombe ya Afrika na Sanduku ya Yaya Mbuyu

Siku ya mbili, 11 Desemba 1973

Nilimukosea Mukalay. Niandike ile kwanza, mbele ya kuanza kujitetea, juu ya sababu najijua.

Mukalay ni jirani yangu. Hapa Kolwezi, mu kampi ya kampuni, tunagawana nyumba moja, ukuta katikati, yeye huku, mi kule. Akikohoa, nasema pole, na yeye anajibu. Iko na radio kubwa ya betri, mapile sita. Avenue yote inakuja kusikiliza mupira kwake. Njo pale shida ilianzia.

Kule nyuma, mu finale ya Kombe ya Afrika, timu ya Vita ilienda kucheza inje ya inchi, Kumasi, kwa bale ba Kotoko. Tulipigwa ine kwa mbili. Vita ni timu ya Kinshasa, hapana ya huku kwetu, lakini ikicheza na inchi ingine, ni yetu. Sasa mi nilichunga muzuri. Mara mbili Mukalay alitoka kwenda kabine kukojoa. Mara mbili tulifunga. Wakati alikaa, mukono juu ya radio kama mutu anabembeleza mutoto, zile ine zikaingia. Badibanga wa lupango ya mbele, mutu wa kucheka kila kitu, akamuambia: "Tata Mukalay, match ya kurudisha utaisikilizia kule kule kabine." Batu wote balicheka. Mukalay mwenyewe alicheka mpaka akatoka machozi.

Mi sikucheka. Mi niliwaza. Bibi yangu wa ndoa, Ngalula, anasema nikianza kuwaza, afazali bafiche kuku.

Match ya kurudisha ni Siku ya Mungu hii, tarehe 16. Lazima tufunge mingi, na kufungwa hata moja hapana. Nilianza na upole. Nilimuambia Mukalay samaki imejaa kule Nzilo, aende kuvua Siku ya Mungu, apumzike. Akajibu: pale radio inakaa, njo na yeye anakaa.

Basi leo nilimutafuta Numbi, shofere wa kamyo inaleta muhogo ya Kapanga. Yaya ya Mukalay, dada yake mukubwa, jina yake Mbuyu, aliolewa upande ule ule, Musumba, na mwalimu Muamba. Mama yabo alikufa siku Mukalay alizaliwa. Ni yaya njo alimukomalisha. Nilimuambia Numbi apite kwa Mukalay, aseme yaya anagonjwa kidogo, anamuita. Numbi alikataa. Nilimununulia bière mbili, akakubali. Kidogo, nilimuambia. Usipitishe.

Numbi hakupitisha. Alisema paka ile tu. Lakini haya ilimushika. Mama Kanku, bibi ya Mukalay, alimupa kiti, akakataa. Akamuletea maji, akakataa. Alisimama mu mulango, kofia mu mukono, macho chini, akasema yaya anagonjwa kidogo.

Sasa nani huku kwetu hajue ile? Mutu wa kuleta habari ya kifo haikalake, hainywe maji ya mwenye nyumba, na jina ya kifo haitaje. Kikombe ya Mama Kanku ilianguka, niliisikia ku ukuta. Kisha nikasikia Mukalay. Mwanaume muzima, analia kama mutoto amepotea ku soko.

Nilikimbia kule juu ya kusema ukweli. Mukalay akaniangukia mu mikono mbele ya batu yote, akaniita ndugu yake. Nikamushika, nikasema pole.

Siku ya tatu, 12 Desemba

Bamama beko ku mikeka tangu asubui. Mama Kanku alitaka kwenda ku misioni, padiri aite Musumba na phonie, ile radio ya kusemea, bajue siku ya maziko. Mama ya akili! Nikamuambia phonie ilikufa na mvua ya juzi. Ile bongo, uongo namna ile, nilitoa wapi? Ilitoka yenyewe, sawa kwikwi.

Kule atelier ya mbao bandugu ba kazi balimutengenezea Mukalay sanduku ya maiti. Alisema yaya hatalala mu mbao ya kuokota. Baliniita kushika mbao. Nilishika. Hata niliwaonyesha upande moja haikunyooka, bakairudilia. Balipakala vernis, rangi ya kung'arisha. Sanduku ya muzuri kabisa, sijaona ingine vile. Mukalay alipitisha mukono juu yake polepole. Akasema yaya ni mufupi, ataenea.

Saa sita kamyo ikakuja. Numbi hakuniangalia. Mukalay alishanyoa kichwa, akapanda nyuma, akakaa karibu na sanduku, mukono juu yake ile namna anashikaka radio. Nilisimama pembeni ya gurudumu. Numbi alikuwa anakaza kamba. Nafasi ilikuwa. Neno moja tu. Nikawaza: Siku ya Mungu iko karibu, na Musumba iko mbali. Nikamuambia safari muzuri.

Ile njo zambi. Bile bingine ni bongo tu.

Siku ya tano, 14 Desemba

Balaa! Mu nyumba ya kilio, radio haisemake. Mi mutu muzima, nimekalia bilio ngapi hapa Kolwezi, na nilisahau! Mama Kanku alitosha mapile, akageuza radio uso ku ukuta, akaifunika na pagne, kitenge yake. Na avenue yote haina ingine ya kushika Kinshasa.

Badibanga akaniuliza tutafanya namna gani Siku ya Mungu. Nikamujibu kwa ukali: batu baheshimu kilio.

Nikajaribu. Nilimuambia Mama Kanku majimaji ya mvua ya Desemba inaua radio, anipe niichungie kwangu, kwenye kukauka. Akanishika mikono yote mbili. Akasema: "Tata Tshibangu, uko mutu muzuri. Lakini iache. Inamungojea mwenyewe."

Juu ya ile, bakubwa ba kilio bakanichagua kupokea bageni. Sababu mi njo jirani wa karibu. Siwezi kutoka mu lupango mpaka kilio iishe.

Siku ya Mungu, 16 Desemba

Asubui mpaka magaribi ku moto ya kilio. Mvua ikanyesha, ikaacha.

Kisha nikasikia kelele toka avenue za kule ng'ambo. Kelele ya batu wengi pamoja. Ikanyamaza. Ikarudi. Ikanyamaza. Bababa bote ku moto baliangalia moto sawa njo yenye kutangaza mupira. Hakuna aliyetingisha kichwa. Mi nilikalia vidole vyangu, kila kelele nakunja moja chini ya paja.

Badibanga akaaga kwenda kabine. Akakawia. Akarudi, mudomo imekazwa, akainama ku sikio yangu: tatu kwa bure. Vita iko champion ya Afrika.

Alijaribu kukaa chini na ile habari. Haikuwezekana. Machozi ya furaha ikamutoka, akaficha uso mu koti. Bamama bakamuona. Moja akasema: angalia, hata Badibanga, ule wa kucheka kila kitu. Basi kilio ikapanda upya, jina ya Yaya Mbuyu mpaka ku barabara kubwa. Mama Kanku akakuja kumugusa bega, akamushukuru.

Na mi nikalia. Mpaka sasa sijue nililia nini.

Lakini muone: Mukalay hakukuwa ku radio, na tulishinda. Naiandika juu nilijiambia hapa nitaandika yote.

Siku ya tano, 21 Desemba

Mukalay alirudi.

Numbi aliniita nyuma ya kamyo na akanieleza, macho haiko kwangu. Balifika Musumba Siku ya Mungu, batu banatoka misa. Yaya Mbuyu iko na kitabu ya nyimbo mu mukono. Akamuona ndugu yake juu ya kamyo. Miaka hawakuonana. Akaanza kukimbia kwa furaha, anaita jina yake ya butoto. Kisha akaona kichwa yenye kunyolewa. Kisha akaona kitu babijana balikuwa banashusha.

Bandugu ba bwana ya Yaya bakamuuliza Mukalay nani alimuambia dada yake alikufa. Mukalay akageuka kuonyesha Numbi. Numbi alishaondoa kamyo, alienda kupakia muhogo. Aliniambia ile bila haya, mi pia sikuwa na haki ya kumutukana. Basi bakasema: mutu analeta sanduku kwa mutu muzima, anaita kifo yake. Muloji. Mwalimu Muamba akasema yeye haamini mambo ile. Lakini akaingia mu nyumba na akafunga mulango.

Bakaichoma ile sanduku mu barabara. Vernis iliwaka sana, Numbi anasema, ni batu ba kule balimuelezea wakati alirudi kumuchukua Mukalay.

Yaya Mbuyu hakupiga kelele. Alimuambia Mukalay mbele ya batu yote: "Nilikubeba ku mugongo tangu siku ile ulizaliwa. Leo unaniletea sanduku. Usirudi tena mu lupango yangu."

Mama Kanku alisimamisha kilio. Bamama bakakunja mikeka. Kilio ya mutu muzima, hakuna mwenye kujua namna ya kuiaga.

Kisha Mukalay akaingia kwangu. Ngalula akamupa chakula, bukari na sombe, hakugusa. Numbi alimuambia habari alipewa ku barabara na mutu hamujue; basi aliniuliza nani anamuchukia namna ile. Mi niko pointeur, naandika kila mutu anayeingia kazi, najua batu. Akaniomba nimusaidie kutafuta. Nikamuambia nitatafuta.

Akatoka, akarudi na radio. Akaiweka juu ya meza yangu. Akasema: "Ichukue, ndugu. Masikio yangu haitaki tena kitu."

Na nikaichukua! Iko hapa mbele yangu. Ngalula akaniangalia, akaondoa sahani yangu mbele sijamaliza.

Siku ya posho, 22 Desemba

Confession. Nilimuambia padiri yote: kabine, Numbi, phonie, mbao. Nikamuuliza rozari ngapi.

Akasema hata moja. Kitu ilivunjika Musumba, itatengenezwa Musumba, na mudomo yangu, mbele ya bale balisikia. Nikirudi njo tutasema habari ya rozari.

Nikauliza kama barua inaweza kutosha. Hapana, akasema. Nikauliza kama phonie sasa inatembea, labda... Akafunga kadirisha.

Nilitoka pale magoti inauma. Mukalay alikuwa ku kiti inje ya nyumba yake, anaangalia barabara. Kichwa yake inaanza kuota mvi. Mi namujua toka nywele yake ilikuwa nyeusi. Nikapita. Nikamusalimia, akajibu na moyo yote.

Siku ya Mungu, 23 Desemba

Nimeamua. Naenda Musumba.

Shida ya kwanza, congé, ruhusa ya kuacha kazi siku kidogo. Bureau haitoe siku kama hakuna kifo mu jamaa ya karibu. Nilitafuta mutu wa kufa. Bangu bote bapendwa. Nikatoa mama mukwe, iko Mbuji-Mayi, iko na afya ya kutosha, siku kidogo haitamufanya kitu. Jana chef alinipa pole, nikaipokea. Leo ku meza Ngalula akaniuliza niliambia bureau nini. Nikasema habari ya familia. Akauliza: "Familia ya nani?"

Nikala haraka.

Shida ya pili, Mukalay. Kama namuambia hapa, atanivunja, na Yaya Mbuyu hatasikia kitu. Kama namuambia mu kamyo, ni siku mingi ya barabara, mi na yeye nyuma juu ya magunia ya chumvi, na Numbi hasimamake. Niliwaza muzuri. Basi nikamuita ku ukuta, nikamuambia nilishamupata mutu aliyefanya ile kitu. Iko njiani kwenda Musumba. Tufuatane, nitamuonyesha mbele ya yaya.

Alisimama wima. Aliomba jina. Nikasema atalisikia kule. Akaingia mu nyumba, nikasikia anamuomba Mama Kanku chakula. Anakula, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Nilisikia kijiko ku ukuta mpaka mwisho.

Kisha akaniuliza kama ule mutu iko na nguvu. Nikasema hapana, ni mutu wa kadiri, mugongo yake mubaya. Akasema muzuri.

Radio inakuja na sisi. Nitaiweka mu mikono yake kule, juu ni yake. Lakini mwaka inakuja, kama timu yetu inafika tena finale, nitamuomba paka kitu moja tu, kwa upole, akae mbali kidogo na ile mashini.

Kamyo inatoka Siku ya posho hii, tarehe 29. Epifania, 6 Januari, kisha ya misa, mu lupango ya mwalimu Muamba, bandugu bake bote bakiwapo, nitapiga magoti mbele ya Yaya Mbuyu na nitasema ni mi, si ndugu yako. Mukalay atakuwa nyuma yangu. Ni mi nilimuomba asimame pale, ule mutu asikimbie.