Pikipiki ya Madam Masuda Yaenda Kukaguliwa

Jumapili, 9 Machi 2014

Huenda hii ndiyo wiki yangu ya mwisho kuosha vyombo kwenye sinki. Baada ya chakula cha mchana Madam Masuda alituita mimi na Nick, akatuonyesha mulkiya, yaani kadi ya usajili ya pikipiki ya mkahawa. Inaisha Jumamosi. Aliyekuwa akipeleka chakula kwa wateja alihamia mji wa jirani, Sharjah, na pikipiki imelala uani tangu Januari. Isipopita ukaguzi wa mwaka, hairuhusiwi barabarani.

Mimi nina leseni. Niliipata kwa mtihani wa sita. Kufeli mara tano ni uzoefu.

Madam akasema, "Austine, mwanangu, ishughulikie. Ikipita, utaiendesha wewe. Ikifika Alhamisi hujaweza, nampa Nick."

Nick hukata vitunguu. Miaka miwili anakata vitunguu na sijaona chozi. Mtu wa namna hiyo si wa kuaminiwa.

Jioni Mzee Aboud, fundi wa mtaa wa nyuma, alikuja kuikagua. Honi bubu. Tairi la nyuma kipara. Ekzosi inanguruma. Alisema niipeleke gereji kwake, ni kazi ya siku moja, Madam atamlipa kama kawaida. Nikamwambia nitafikiria. Mzee Aboud na Nick hula pamoja kila Ijumaa. Nikimpa kazi yeye, sifa zitaenda kwa Nick. Nitatengeneza mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi

Ekzosi kwanza. Nimechukua nyuzi zote za chuma za kusugulia sufuria, nikazisokomeza ndani kwa mpini wa mwiko. Nikawasha. Kimya kama msikitini. Nilijipongeza kwa dakika moja hivi, kisha injini ikakohoa na furushi zima likaruka kama risasi, likavuka uchochoro, likaingia kwa kinyozi. Mteja mmoja ametoka na upara ambao hakuuomba.

Madam aliuliza nyuzi za sufuria zimeenda wapi. Nikasema sina hakika, ila Nick ameonekana karibu na kabati. Nick alinitazama, akaendelea na vitunguu. Hiyo ndiyo mbinu yake.

Nimeokota furushi na kulirudisha, safari hii kidogo tu, na kulifunga kwa waya. Sasa inanguruma kwa adabu.

Jumanne, 11 Machi

Tairi. Nimelipaka rangi nyeusi ya viatu likang'aa kama jipya. Halafu nikachonga mistari kwa kisu. Mistari mizuri, mingine imenyooka. Nick alitokea uani akasema polepole, "Msee, wale watu hupima kina cha mistari kwa kifaa. Na tairi lina tarehe ya kutengenezwa pembeni." Nikamwambia kila mtu ana taaluma yake.

Wivu. Nimeandika hapa ili nisisahau.

Bahati mbaya kisu kilikuwa chake cha vitunguu, nami nikakirudisha bila kukiosha. Mchana wateja wa meza ya nne wamesema kachumbari inanuka mpira. Madam ameonja, akatema, akaniuliza mimi moja kwa moja. Sijui kwa nini huwa ananiuliza mimi.

Jumatano, 12 Machi

Honi. Hili ndilo wazo bora kuliko yote niliyowahi kupata. Simu yangu ina spika kubwa. Nimeiwekea mlio wa honi ya lori na kuifunga kwa gundi ya karatasi chini ya kiti. Mkaguzi akisema piga honi, nitabonyeza kitufe cha honi kwa mkono wa kulia, na kwa kushoto, ndani ya mfuko, nitaipigia kwa simu nyingine. Nimejaribu mara kumi. Mara nane imelia.

Simu nyingine ni ya Nick. Alinipa bila kuuliza ya nini. Hilo limenitia wasiwasi sana.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kwenye sinki.

Kituoni nilifika saa tatu. Mkaguzi alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alizunguka pikipiki mara moja, akagusa tairi, akatazama kidole chake cheusi, akakifuta kwa kitambaa. Kisha akachuchumaa mbele ya ekzosi, na hapo honi ikaanza kulia. Mimi sikuwa nimegusa chochote. Mikono yangu yote miwili ilikuwa hewani.

Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia tena. Mkaguzi aliuliza nani anabonyeza. Nikamwambia ni pikipiki yenye hisia. Akainua kiti, akaona simu, na juu ya kioo jina: MADAM. Akapokea, akanikabidhi kwa heshima. Madam alikuwa anatafuta ufunguo wa stoo. Ulikuwa mfukoni mwangu.

Mkaguzi aliuliza kama breki nazo zinafanya kazi kwa simu. Kisha akasema khalas, yaani basi, akaandika FELI kwa wino mwekundu, nikairudisha kwa kuisukuma. Kutoka kule hadi mkahawani kwetu Muraqqabat ni mbali, na jua la Machi si mchezo.

Madam alinisikiliza hadi mwisho. "Sasa nampa Nick," akasema, akaingia ndani. Nikarudi kwenye sufuria.

Jumamosi, 15 Machi

Mambo ni ya ajabu. Jana, siku yake ya mapumziko, Nick alishinda gereji kwa Mzee Aboud. Tairi jipya, honi, ekzosi. Leo asubuhi akaniletea ufunguo, akasema nipande nikaikaguze. Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe, kazi si ni yake? Akanishangaa. Hana leseni. Aliwahi kuanguka na pikipiki kwao Nyamira, na tangu hapo hata kuipanda hataki. Madam alimpa kazi ya kuitengeneza tu.

Wiki nzima nimeshindana na mtu ambaye hakuwa mashindanoni. Nilitaka kuomba radhi kuhusu zile nyuzi. Nikaishia kumuuliza kama kuna petroli.

Mkaguzi alikuwa yuleyule. Aliinua kiti kwanza. Imepita.

Madam alisema nitaiendesha mimi kwa sababu moja, hana mwingine mwenye leseni. Nimeichukulia kama pongezi.

Jumapili, 16 Machi

Mpeleka chakula rasmi. Keshokutwa afisa wa afya anakuja kukagua sanduku la chakula la nyuma. Mfuniko haufungi. Nick amesema nimwombe Madam komeo jipya, naye atalinunua leo hii.

Amesema haraka mno. Nimefikiria jambo hili tangu asubuhi. Mtu anayekutengenezea pikipiki bure ana mpango mrefu. Sitamwomba Madam kitu.

Friji ya mkahawa ina sumaku nne nzuri. Sanduku ni la plastiki, najua, na sumaku haishiki plastiki. Lakini afisa wa afya ni mtu wa vyakula. Atajulia wapi?